Kabla ya Majibu ya Kinyama

Ujumbe wenyewe bado ninao kwenye simu. Niliutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu siku ya Jumapili saa mbili usiku, muda ambao watu wameshakula na simu ziko mkononi. "Ndugu zangu, habari si nzuri. Mdogo wetu amekutwa na kansa ya titi. Tunakimbizana na muda. Naomba tusimame pamoja." Chini yake nikaweka namba ya kupokelea michango na jina la mweka hazina, ambaye ni shangazi.

Ujumbe ule ulikuwa na kosa moja tu. Hakuna mtu aliyekuwa amekuta kansa yoyote.

Mdogo wangu anaishi Morogoro. Ana watoto wawili, na wa pili alikuwa ameachishwa kunyonya kama miezi minane hivi. Siku moja akiwa anaoga aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, ukubwa wa limau. Alidhani ni maziwa yaliyoganda. Akakanda kwa maji ya moto wiki tatu nzima, hakikulainika. Ngozi ya juu ikaanza kuvutwa ndani, na kwapani tezi ikavimba. Alipoenda hospitali nilimsindikiza. Akapigwa ultrasaundi. Daktari aliangalia kioo kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akamgeukia: "Mama, huu uvimbe nina wasiwasi nao. Tuchukue kinyama tupeleke maabara, majibu yakija ndipo tutaongea vizuri."

Hayo ndiyo maneno aliyosema, nami nilikuwa nimekaa pembeni, nikayasikia kwa masikio yangu. Wasiwasi. Kinyama. Majibu. Kati ya mlango wa chumba kile na Jumapili usiku, maneno hayo matatu yaligeuka kuwa neno moja, na aliyeyageuza ni mimi.

Majibu yalipokuja, wiki tatu baadaye, hayakuwa na kansa. Ulikuwa uvimbe wa kinga ya mwili yenyewe, ambao kwa macho, kwa mikono na hata kwenye picha hufanana na kansa kama pacha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naliweka hapa, labda wewe msomaji utanisaidia. Je, nilisema uongo? Kama sikusema uongo, maana niliamini kabisa nilichoandika, kwa nini najisikia kama mtu aliyeiba?

*

Nianze na uvimbe wenyewe, kwa sababu nadhani swali zima limo humo ndani.

Miaka karibu 2000 iliyopita Mrumi mmoja aliyeitwa Celsus aliandika dalili nne za sehemu ya mwili iliyopatwa na shida na inayopambana nayo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa Kilatini, neno lake la uvimbe lilikuwa tumor. Ndilo hilo hilo ambalo leo likitamkwa kliniki watu wanaishiwa nguvu za miguu. Lakini kwa Celsus halikuwa na hukumu ndani yake. Lilisema tu kwamba hapa pamevimba. Karne zilizofuata ndizo zilizolijaza kifo.

Kiswahili chetu hakijafanya kosa hilo. Sisi tuna "uvimbe", na uvimbe ni uvimbe: wa jipu, wa mguu ulioteguka, wa nyuki aliyekuuma shavuni, na wa kansa pia. Mtu akikuambia ana uvimbe bado hajakuambia chochote kuhusu kesho yake. Hilo ni neno la uungwana. Linakuachia nafasi ya kuuliza.

Tena angalia hili. Neno saratani tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa, yule mnyama wa baharini mwenye magando. Kansa nayo tumeipata kwa Waingereza, waliyoitoa kwenye Kilatini, na huko pia maana yake ni kaa. Wagiriki wa kale ndio walioanza, na baadaye Galen akaeleza kwamba mishipa iliyotuna kuzunguka uvimbe wa titi inafanana na miguu ya kaa. Kwa upande mwingine, ule uvimbe wa mwili kujihami, Wazungu wanauita kwa neno linalotokana na Kilatini cha kuwasha moto. Sasa kwa Kiswahili tuna kaa wa baharini, na tuna kaa la moto. Ukiandika "kaa" peke yake hujasema kitu. Msomaji anasubiri herufi mbili zinazofuata, ni "wa" au ni "la", ndipo ajue kama anazungumziwa mnyama au moto.

Kinyama ndicho hizo herufi mbili. Kabla hakijarudi kutoka maabara, una "kaa" tu.

*

Sasa inakuwaje mwili wenyewe utengeneze kitu kinachofanana hivyo na adui wake?

Chembe za kinga zikikutana na kitu ambacho haziwezi kukiua wala kukisafisha, hukizunguka. Zinakuja nyingine nyuma yake, na nyingine, zinashikana, na pembeni mwili unajenga makovu kama ukuta. Baada ya wiki kadhaa una donge gumu lisilosogea, lenye kingo zisizonyooka, linalovuta ngozi iliyo juu yake. Mkusanyiko huo mdogo wa chembe madaktari wanauita granuloma. Kwenye kifua kikuu, kinachozungukwa ni bakteria wa TB. Kwenye ugonjwa wa mdogo wangu, ambao huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, mara nyingi miaka michache baada ya kunyonyesha, chanzo bado kinabishaniwa. Wapo wanaohisi kwamba ni maziwa yaliyovuja nje ya mirija yake na kinga ikayaona mageni. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1972 na madaktari wawili, Kessler na Wolloch, na kichwa cha makala yao kilisema wazi kwamba ni ugonjwa unaoiga kansa.

Kwa hiyo yule mama ana donge gumu, ngozi imevutwa, tezi ya kwapani imevimba, na picha inaonyesha giza lenye kingo za ovyo. Daktari gani hatapata wasiwasi? Asiyepata wasiwasi hapo ndiye wa kuogopwa.

Na si titi peke yake. Mwaka 1896, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeitwa Riedel alieleza wagonjwa waliokuwa na tezi ya shingo ngumu kama chuma, iliyoshikamana na koo kiasi kwamba ukiigusa unaapa ni kansa. Darubini ikakataa. Mwaka huohuo Mjerumani mwingine, Küttner, alieleza uvimbe wa namna hiyo kwenye tezi ya mate iliyo chini ya taya. Watu waliendelea kuyaona mambo haya moja moja kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2001 watafiti wa Japani wakagundua kwamba baadhi ya wagonjwa wenye kongosho lililovimba wana kiwango kikubwa cha kinga fulani kwenye damu iitwayo IgG4. Baadaye ikaonekana kwamba kongosho, tezi za mate, mirija ya nyongo, figo na viungo vingine vinaweza kupatwa na ugonjwa huohuo mmoja.

Ule wa kongosho ndio unaonitisha zaidi. Mtu anakuja macho ya njano, amekonda, haumwi popote, na kwenye picha kuna donge kwenye kichwa cha kongosho. Hiyo ni sura kamili ya kansa ambayo wengi wakiipata hawamalizi mwaka. Lakini akiwa na huu ugonjwa wa kinga, akipewa dawa za jamii ya steroidi, donge linaweza kunywea ndani ya wiki chache. Asipotambuliwa anapasuliwa, na upasuaji wenyewe si mdogo: unaondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kibofu cha nyongo na mrija wake. Katika ripoti za hospitali nyingi zinazofanya operesheni hiyo, karibu watu 5 hadi 10 kati ya kila 100 waliopasuliwa kwa kushukiwa kansa hukutwa hawakuwa nayo.

*

Usinielewe vibaya. Siandiki haya ili mtu mwenye uvimbe akae nyumbani akijifariji kwamba labda ni kaa la moto. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu huku wanaochelewa ni wengi kuliko wanaowahi.

Tena kwetu kuna kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kwa kuwa kifua kikuu ni kingi Afrika Mashariki, mtu akija na tezi za shingoni zilizovimba, homa za usiku na kukonda, wazo la kwanza ni TB, na mara nyingi ni wazo sahihi. Lakini kansa ya tezi, ile inayoitwa limfoma, inakuja na dalili hizohizo. Wapo waliomeza dawa za TB kwa miezi bila kinyama kuchukuliwa, huku limfoma ikiendelea na safari yake. Na upande mwingine wapo wanawake waliojaa maji tumboni, wakaonekana na donge kwenye ovari, kipimo cha damu cha CA-125 kikapanda, wakaingizwa chumba cha upasuaji kwa kansa, na tumbo lilipofunguliwa ikaonekana ni TB, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita.

Kwa hiyo mfanano huu unakata pande zote mbili. Aliyeshuku kansa anaweza kukuta moto, na aliyeshuku moto anaweza kukuta kansa. Husikia watu wakisema "dalili ya mvua ni mawingu" kana kwamba wamemaliza maneno. Ni kweli, mvua hainyeshi bila mawingu. Lakini mkulima yeyote wa Dodoma atakuambia ni mawingu mangapi amewahi kuyaona yakipita juu ya shamba lake yakaenda zake.

Mbele ya mawingu hayo, daktari ana wajibu wa kushuku. Na wasiwasi wake una kazi maalumu: unamtuma mkono kwenye sindano, unakitoa kinyama, unakipeleka kwa mtu mwenye darubini. Wasiwasi wa namna hiyo ni aina ya heshima. Unasema: jambo hili ni zito mno kuliamua kwa sura.

Wasiwasi wangu mimi ulifanya kazi gani? Ulikaa nyuma ya simu ukaandika tangazo.

*

Nimejaribu kujitetea, na nitaweka utetezi wangu wote hapa ili usidhani nimejihurumia wala kwamba nimejionea.

Utetezi wa kwanza: niliamini. Uongo ni kusema usichokiamini, nami niliamini kwamba mdogo wangu anakufa. Usiku ule nililia. Hili ni kweli, na kwa hiyo sidhani kama nilikuwa mwongo. Lakini kuamini ni jambo moja na kutangaza ni lingine. Nikiamini kwamba jirani yangu ameiba kuku wangu, imani hiyo ni yangu na nitalala nayo. Nikisimama barabarani nikamwita mwizi, hapo nimeshamfanyia yeye kitu, na nimewafanyia kitu wanaonisikia. Kutangaza ni tendo, na tendo linadai ushahidi ambao imani haidai. Sisi hatujazoea kutofautisha. Tuna hata msemo wa kuturuhusu: lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Msemo huo umeua watu wengi wasio na hatia, wengine kwa mawe.

Utetezi wa pili: bila neno lile pesa isingepatikana. Huu ndio mgumu, kwa sababu nao ni kweli. Naujua ukoo wetu kama unavyoujua wako. Ungeandika "mdogo wetu ana uvimbe, tunahitaji nauli na hela ya kipimo", ungepata "pole sana" 14, vikatuni vya mikono iliyoungana, na labda shilingi 50,000 kutoka kwa shangazi. Niliandika kansa, na ndani ya siku nne tukapata 3,850,000. Baba mdogo aliuza magunia mawili ya mahindi ambayo hakuwa na ziada nayo. Binamu aliye Mwanza alikopa kwenye kikoba.

Nilipofika hapo kwenye kujitetea ndipo nilipoona wizi ulipo. Jumapili ile tulichohitaji kilikuwa hela ya kinyama, nauli na chakula cha siku mbili tatu. Vyote havikufika hata 300,000. Sikuomba hicho. Niliomba hela ya ugonjwa ambao haujathibitishwa, kwa sababu nilijua jina lake linafungua pochi. Nilitumia kifo cha mdogo wangu kabla hajafa. Na niliwachukulia ndugu zangu kitu zaidi ya pesa: niliwachukulia huzuni. Mama mkubwa hakula siku mbili. Huzuni ile ilikuwa ya kweli, ilitoka kwenye akiba ambayo kila mtu anayo kidogo, na mimi niliitoa bila stakabadhi.

*

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi. Chembe za kansa hazikuonekana. Vipimo vya TB navyo vikafanywa, havikuonyesha kitu. Daktari akaeleza vizuri, akaandika dawa, akasema itachukua miezi na inaweza kurudi.

Nikaandika kwenye kundi: "Tumshukuru Mungu, majibu yametoka, si kansa."

Kwanza kimya. Halafu zikamiminika: Mungu mkubwa, Alhamdulillahi, Bwana asifiwe. Halafu, kama saa moja baadaye, baba mdogo akaandika maneno matano: "Sasa zile hela zinakuwaje jamani?"

Wengine walimshukia. Mimi sikuweza. Mtu aliyeuza mahindi yake ana haki ya kuuliza aliuzia nini. Hakuchangia mdogo wangu peke yake, alichangia pia neno nililomuuzia, na neno hilo lilikuwa limechacha. Tulifanya hesabu, tukaiweka kwenye kundi, kila senti. Zilizobaki tukakubaliana zinunue dawa na nauli za kliniki. Lakini chini ya hesabu mtu mmoja aliandika, "Kwa hiyo alikuwa anaumwa nini hasa?" na hakuna aliyemjibu.

Shangazi alilipeleka jambo lile kanisani, akatoa ushuhuda kwamba binti yake alikuwa na kansa na maombi yameiondoa. Simbishii shangazi juu ya Mungu wake, na sina shaka kwamba alikuwa ameomba usiku kucha. Ila angalia ushuhuda ule ulimfanyia nini mdogo wangu. Wiki mbili baadaye uvimbe ulipasuka ngozi ukaanza kutoa usaha. Ukawa na matundu mawili, ukanuka, akawa anaweka vitambaa ndani ya sidiria na kuvibadilisha kila saa chache. Alimeza dawa miezi minane. Uso ulimvimba kwa dawa zenyewe, usingizi ukamkimbia, na uvimbe ulirudi mara moja baada ya kupungua. Sasa mtu aliyeponywa kwa muujiza ataanzaje kusema bado ananuka? Kila alipolalamika alionekana kama asiye na shukrani. "Si ulipona wewe?" Na kazini mwajiri aliyempa likizo ya huruma wakati wa "kansa" akamwita aulize lini anarudi, maana karatasi imesema hana kitu.

Hana kitu. Karatasi haikusema hivyo. Karatasi ilisema hana kansa. Lakini neno lile lilikuwa limejaa kichwani mwa watu kiasi kwamba lilipoondoka waliona patupu. Jina kubwa likishatajwa, kila kilicho chini yake kinakuwa si kitu, hata kama kinatoa usaha.

Siku moja nilikwenda kumwona. Tukakaa uani, mtoto mdogo anacheza na vifuniko vya soda. Alikuwa ameshajitoa kwenye kundi la ukoo. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Kaka, nilipokuwa nakufa mlikuwa wengi. Sasa sifi, nimebaki na kidonda changu." Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: zile wiki tatu za kungoja majibu alichukua daftari la shule la mwanawe mkubwa, akaandika madeni yake yote, na watu anaowadai, na mahali zilipo karatasi za kiwanja. Na ukurasa wa mwisho akaandika nani alee watoto. Mimi sikuwa kwenye orodha hiyo. Sikuuliza kwa nini.

"Yule daktari aliniambia uvimbe," akasema. "Usiku ule nilikuwa na uvimbe. Nikafungua simu nikakuta nina kansa. Nimeisoma kwako."

*

Ng'ombe haelemewi na nunduye, ndivyo tunavyosema kumhimiza mtu abebe mzigo ulio wake. Nimeufikiria sana msemo huo. Nundu ni donge ambalo ng'ombe amezaliwa nalo, kwa hiyo halimlemei. Mdogo wangu naye angeweza kulibeba donge lake. Kilichomlemea ni lile tulilomwongezea sisi juu.

Sasa nadhani naweza kulijibu swali nililoanza nalo, angalau kwa upande wangu. Sikusema uongo. Nilifanya jambo ambalo halina jina zuri kwetu: nilimpa mtu hukumu wakati alikuwa na kesi. Mwenye kesi ana haki zake, na haki ya kwanza ni kuachiwa asiyejulikana bado. Mgonjwa anayengoja majibu anaishi mahali pembamba, kati ya "huenda" na "ndiyo", na mahali hapo pana uchungu wake, lakini ni pake. Sisi tulio pembeni hatupavumilii. Kutojua kunatuwasha kuliko kunavyomwasha yeye. Tunakimbilia jina ili tupate la kufanya: kuchanga, kulia, kuomba, kutoa ushuhuda. Jina ni kwa ajili yetu.

Na kuna upande wa ukoo, ambao si wangu peke yangu. Kama huruma yetu haiwaki mpaka isikie neno la kifo, basi tunamfundisha kila mgonjwa kwamba lazima afe kidogo kwanza ili aonwe. Wenye magonjwa yasiyoua, yale ya kuuma na kunuka na kurudi, watajifunza kunyamaza, au watajifunza kutia chumvi. Halafu tutawaita waongo.

Mwezi uliopita mtoto wa binamu alivimba tezi za shingoni. Ana miaka tisa. Binamu alinipigia simu usiku, sauti imekauka, akaniomba niandike kwenye kundi kwa sababu "wewe unajua kuandika". Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Najua TB inafanyaje, najua limfoma inafanyaje, na najua lipi kati ya maneno hayo lingeleta pesa haraka. Nikaandika: "Mtoto wetu ana uvimbe shingoni. Hatujui ni nini. Daktari anataka kuchukua kinyama. Inahitajika hela ya kipimo na nauli, jumla 280,000. Majibu yakija nitawaambia yatakavyosema, yawe yoyote."

Pole sana zilikuja nyingi, na vikatuni vya mikono. Siku ya kwanza zilipatikana 35,000. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaanza kujilaumu, vidole vinanisumbua, maana nilijua kuongeza neno moja tu kungetosha. Siku ya nne baba mdogo, yule wa mahindi, alituma 100,000 peke yake. Hakuandika kitu. Siku ya sita ikatimia.

Kinyama kimechukuliwa. Majibu bado.